Jarife Halina Sauti

Ngozi ya pomboo ni laini kama yai la kuchemsha lililomenywa. Nisingelijua hilo kama nisingemshika kwa mikono yangu miwili, alfajiri moja nje ya Msanga Mkuu, kule Mtwara, mwishoni mwa kaskazi ya mwaka 2011. Nilitegemea ubaridi. Samaki ukimtoa majini ni baridi, hata awe papa wa pima nzima. Huyu alikuwa na joto. Nilipopitisha kiganja chini ya pezi lake la ubavuni nilihisi joto lile lile la mbuzi aliyechinjwa sasa hivi, na mkono ukarudi wenyewe.

"Vuta, mjomba," aliniambia nahodha wangu, kaka yake mama. Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, mjomba kwa mjomba. "Vuta, maji yanaanza kupwa."

Nikavuta. Tulikuwa watu wanne, tukamlaza juu ya nyavu zilizolowa, kati ya papa wawili na taa mmoja. Macho yake yalikuwa wazi. Mdomo umepita ndani ya jicho la wavu, uzi umemkata pembeni ya taya, na mkia umejizungusha mpaka kamba ya juu ya jarife, huo wavu wetu, ikawa kama kitanzi. Ilionekana wazi kwamba alihangaika sana. Pomboo hana mashavu kama samaki. Anavuta hewa hii hii tunayoivuta sisi, kwa tundu lililo utosini. Akizuiwa chini dakika kadhaa tu, basi. Alikuwa amekufa kwa kukosa pumzi, juu yake kukiwa na maji yasiyofika pima tatu.

Mwingine alikuwepo. Alizunguka chombo chetu mara nyingi, akiibuka upande wa tezi, akitoa ile pumzi yao inayosikika kama mtu anayeshusha mzigo mzito kichwani. Alitufuata mpaka karibu na mlango wa kuingilia bandarini, ndipo akarudi. Hakuna aliyesema neno chomboni. Mjomba aliwasha sigara, upepo ukaizima, hakuiwasha tena.

Sitaki mtu asome hapa akadhani tulikuwa watu wakatili. Jarife tulilirithi. Mjomba alilipata kwa mjomba wake, kwa kuwa kwa wazee wetu mali ilifuata upande wa mama, na mimi nililitazama tangu nikiwa mdogo nikijua kwamba siku moja litakuwa langu. Ni wavu wa kutega, wa uzi mnene wa nailoni, macho yake makubwa unaweza kupitisha kichwa cha mtoto. Juu maboya, chini chubwi, katikati linasimama majini kama ukuta. Unakwenda kulitega wakati wa magharibi, hasa siku za giza, mwezi usipoonekana, kisha unarudi pwani unalala. Alfajiri unakwenda kupandisha ulichojaliwa. Papa, taa, nguru, jodari akipita. Papa wetu tulimpasua, tukamtia chumvi, tukamwanika, na msimu wa korosho, watu wa Newala na Tandahimba wanapokuwa na fedha mkononi, ng'onda ilitoka kwa bei ambayo changu na pono hawajawahi kuifikia. Nyumba ya mama yangu iliezekwa bati kwa jarife. Dada yangu alisomeshwa kwa jarife.

Na pomboo? Pomboo hakuwa na soko. Yule wa 2011 tulimkatakata kuwa chambo cha dhulumati, ile kamba ndefu ya ndoana nyingi, maana nyama yake ni nyekundu na ina mafuta, papa huifuata kutoka mbali. Shahamu yake ilichemshwa, tukaichanganya na chokaa kupaka chombo chini. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi, na haikuwa ya kwetu peke yetu. Hata Kizimkazi kule Unguja, ambako leo watalii hulipa fedha kwenda kuwaangalia pomboo, wavuvi waliwawinda kwa ajili ya chambo mpaka katikati ya miaka ya 1990. Kwa msimu mmoja sisi tuliwapata mmoja au wawili. Hatukuandika popote. Mjomba alikuwa akisema, "Ni bahati mbaya ya jana," na kesho yake jarife linarudi pale pale.

Miaka ile kila aliyekuja pwani kuzungumza nasi habari za uvuvi mbaya alizungumza baruti. Kwa haki kabisa. Sina neno la kuwatetea watu wa baruti. Nimezamia kutafuta pweza nikasikia mlipuko uliopigwa mbali, chombo chao sikukiona hata nilipoibuka, lakini ulinigonga kifuani kama mtu aliyenipiga kwa kiganja. Sasa fikiria mnyama ambaye masikio yake ndiyo macho yake. Pomboo hupiga sauti fupi fupi, zikagonga kitu na kumrudia, hapo ndipo anapojua mbele kuna mwamba, kuna samaki, kuna mtoto wake. Mtu akirusha chupa ya baruti karibu naye, ni sawa na kukumwagia wewe pilipili machoni, kama hakuuawa moja kwa moja.

Dada yangu, huyo aliyesomeshwa kwa jarife, anachuuza samaki sokoni Feri. Yeye ndiye aliyenifundisha kumtambua samaki wa baruti. Mshike katikati umnyanyue: atalegea pande zote mbili kama kitambaa kibichi, kwa sababu mfupa wa mgongo umevunjika. Mbonyeze tumbo, halina ukaidi. Mpasue, utakuta damu imevia na kile kifuko cha hewa kimepasuka. Na huyo ni yule aliyeokotwa. Wengi huzama na kuoza chini, na matumbawe waliyokuwa wakiishi yamegeuka kifusi. Mwaka 2015 watafiti walipita mwambao wa Tanzania na vinasa sauti vya kuzamishwa majini, wakahesabu milipuko 318 ndani ya mwezi mmoja hivi, zaidi ya nusu ikiwa jirani na Dar es Salaam. Miaka mitatu baadaye zikaja operesheni kali, watu wakakamatwa, na huku kwetu bahari ikatulia. Niliwapongeza waliohusika na ninawapongeza hadi leo.

Lakini nilikuwa nikipongeza huku jarife langu likiwa limelala baharini.

Baruti ina sauti. Mtu akiipiga, kijiji kizima kinageuza shingo, mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha kijiji cha kulinda uvuvi, anapigiwa simu, boti la doria linatoka. Jarife halina sauti. Lina leseni, limelipiwa, limetegwa na mtu mwenye heshima zake anayeswali msikiti mmoja nawe. Linaua usiku watu wakiwa wamelala, na asubuhi kinachoonekana ufukweni ni papa tu.

Aliyenifungua macho ni binti mmoja, mwanafunzi wa chuo, aliyekuja kijijini kwetu miaka michache baadaye akiwa na kamera yenye mdomo mrefu na daftari la kuzuia maji. Alikuwa akipiga picha mapezi ya mgongoni ya pomboo. Alituonyesha kwamba kila pezi lina alama zake, huyu amekatika kidogo kwa nyuma, yule ana kovu, huyu ana doa jeupe, kwa hiyo unaweza kumjua mmoja mmoja kama unavyowajua ng'ombe wako. Wazee walimpenda kwa kuwa hakuanza kwa kutuhubiria. Alikaa kwenye gogo tukitengeneza nyavu, akashika sindano ya kushonea, akajifunza kufunga jicho, na siku ya tatu ndipo akauliza, "Mjomba, humu mnanasa pomboo wangapi kwa mwaka?"

Kimya. Mjomba aliendelea kushona. Halafu akasema, bila kuinua uso, "Wanaonaswa ni wengi kuliko tunaotaka."

Alitueleza kwamba pomboo wa pwani yetu hawafanani wote. Wapo wale warukao kwa makundi makubwa nje kwenye maji marefu, wanaojizungusha hewani; hao tukiwaona pamoja na ndege tunajua chini kuna jodari. Wapo wenye mdomo kama shingo ya chupa. Na yupo mwenye nundu mgongoni, pezi dogo limekaa juu ya nundu, mpole, mwenye haya, haruki sana. Huyo wa nundu ndiye yule niliyemshika 2011. Nilimtambua kwenye picha kabla binti hajamaliza sentensi. Anaishi karibu na nchi kavu, kwenye maji yasiyozidi mita 25 hivi, kuanzia Afrika Kusini mpaka pwani za India. Yaani anaishi hapa hapa tunapotega. Mwaka 2017 aliwekwa rasmi katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka, na karibu popote walipohesabiwa vizuri, kundi la eneo moja halikufika 500. Mara nyingi hawakufika hata 200.

Maneno "hatarini kutoweka" nilikuwa nimeyasikia redioni mara mia, yakapita. Kilichonishika ni hesabu tuliyoipiga mchangani jioni ile kwa vijiti.

Binti alisema jike la pomboo wa nundu huanza kuzaa akikaribia miaka kumi. Hubeba mimba karibu mwaka mzima. Huzaa mtoto mmoja, humnyonyesha, na mpaka azae tena hupita miaka mitatu hivi. Tukachukua mfano tu: tuseme kuanzia Mikindani mpaka Msimbati wapo mia moja. Ondoa madume, ondoa watoto, majike wa kuzaa tuseme thelathini. Kila mmoja anazaa kila mwaka wa tatu, kwa hiyo watoto ni kumi kwa mwaka. Mjomba akachomoa vijiti kumi akavilaza. Sasa ondoa watakaokufa wadogo, maana papa nao wanakula, na maradhi yapo. Akaondoa vitatu. Ondoa wazee wanaokufa kwa uzee wao. Akaondoa tena. Vikabaki vijiti viwili.

"Majarife yako mangapi eneo hili?" binti akauliza.

Mjomba aliyajua yote na wenyewe kwa majina. Hakuyataja. Alivitazama vile vijiti viwili, akavifuta mchangani kwa mguu, akaenda kuswali.

Baadaye nilisoma makadirio yaliyotolewa mwaka 2020: kwamba nyavu za kutega jodari katika Bahari ya Hindi zimeua pomboo na jamaa zao wapatao milioni 4.1 kati ya 1950 na 2018. Namba hiyo kichwani mwangu haikai. Vijiti viwili vimekaa.

Jambo lingine nililolielewa siku zile ni kwa nini mnyama mwenye akili kiasi kile aingie wavuni kama kipofu. Sauti anayoipiga hugonga mwamba ikarudi, hugonga samaki ikarudi kwa sababu samaki ana hewa tumboni. Uzi wa nailoni uliolowa haurudishi kitu cha maana. Naye usiku anafukuza samaki, akili yake yote iko kwa samaki, au amelala nusu kama walalavyo wao, anaelea polepole. Jarife halichagui. Si ndilo lililopandisha silikanti nje ya Songo Mnara, kule Kilwa, mwezi Septemba 2003? Samaki ambaye wataalamu walidhani alikwisha zamani za kale, mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Wavu unaoweza kumtoa silikanti kilindini hauwezi kukuahidi kwamba utamwacha pomboo.

Nilipomwambia Mjomba kwamba tuache, hatukuongea kwa siku nne. Siku ya tano alikuja nyumbani, akakaa barazani, akaniuliza swali moja: "Mtoto wako akirudishwa shule kwa sababu ya michango, pomboo atamlipia?" Sikuwa na jibu, na hadi leo naliheshimu swali lile. Nimehudhuria semina za mazingira tatu. Tulipewa fulana, soda na posho, tukaonyeshwa picha za kasa na nguva, tukaambiwa sheria inakataza kuwavua, jambo tulilolijua. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kipande cha jarife kinauzwa shilingi ngapi, au mtu akiliweka chini atakula nini mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu. Anayetaka mvuvi abadilike aanze na swali la Mjomba. Asipolijibu, anazungumza na upepo.

Kwa hiyo hatukuacha. Tulibadilisha. Kwanza, tukakubaliana kutotega ndani ya ghuba wala kwenye ule mlango wanaopita pomboo wa nundu wakati maji yanajaa. Tukasogea nje kwenye maji marefu. Hiyo ilitugharimu petroli, na siku za upepo tulirudi mikono mitupu. Pili, tukalishusha jarife. Binti alitueleza kwamba Pakistani wavuvi wa jodari walizishusha nyavu zao mita mbili hivi chini ya uso wa maji badala ya kuziacha zielee juu kabisa, na pomboo walionaswa wakapungua kwa zaidi ya robo tatu, huku jodari wakiendelea kupatikana. Tukarefusha kamba za maboya kwa pima moja na kidogo. Kazi ya siku mbili, gharama ni kamba tu. Mjomba aliifanya kwa kununa, lakini mafundo aliyafunga mwenyewe kwa sababu hakuamini mafundo yangu.

La tatu ndilo lililokuwa gumu: kukaa na wavu. Badala ya kutega na kwenda kulala, chombo kinabaki pale pale usiku kucha, mtu mmoja macho, na kila baada ya saa mbili mnapita mkikagua kamba. Usingizi wa baharini ni mbaya. Baridi ya usiku inaingia mpaka kwenye mifupa, mnafua ngama gizani, mnagombana kwa mambo madogo. Kijana mmoja alituacha akahamia kwenye chombo cha dagaa. Simlaumu.

Usiku ninaotaka kuusimulia ulikuwa wa zamu yangu. Saa kumi kasoro, maji shwari, nyota zimejaa. Nilikuwa nikilitazama boya la mwisho lenye kitaa kidogo cha betri nikaona limezama. Likaibuka. Likazama tena, na mengine mawili pembeni yake yakalifuata. Papa mkubwa hufanya hivyo pia, kwa hiyo niliwaamsha wenzangu bila haraka. Tulipokaribia kwa makasia ndipo nikasikia ile pumzi. Fupi, ya haraka, kama ya mtu aliyekimbia.

Alikuwa hai. Mmoja wa wale wenye mdomo wa chupa, si mkubwa. Mkia ulikuwa umepigwa mizunguko miwili na kamba ya boya, na pezi moja limeingia kwenye macho ya wavu. Alikuwa akijisukuma juu, anafika, anatoa utosi, anavuta pumzi moja, uzito wa jarife unamvuta chini. Sijui alikuwa amefanya hivyo mara ngapi. Najua tu kwamba tungekuwa tumelala nyumbani asingefika asubuhi.

Nikaruka majini. Binti alikuwa ametufundisha: usimvute kwa mkia, utamtegua, usimvute kwa pezi, tundu la pumzi libaki juu ya maji wakati wote, na msipige kelele. Nikapitisha mkono chini ya kidevu chake, mwenzangu akashika tumbo. Joto lile lile. Safari hii moyo ulikuwa unapiga ndani, niliusikia mkononi, unakwenda mbio. Nikajaribu kuufungua uzi kwa vidole, haukufunguka. Kila alipojitikisa ulizidi kukaza. Nikatoa kisu kiunoni nikaanza kukata, na kisu changu kilikuwa butu kwa chumvi.

Kipande kimoja cha jarife ni fedha. Kila uzi ninaoukata ni uzi wa Mjomba, na Mjomba alikuwa juu yangu, amesimama omoni ameshika tochi. Nilisubiri aseme. Nikasikia kitu kimegonga ubao karibu na kichwa changu.

"Shika changu," alisema. "Hicho chako hakikati hata ndizi."

Alikuwa ameninyooshea kisu chake cha kupasulia papa, kile ambacho hata mke wake haruhusiwi kukigusa. Nikakata. Nikakata vibaya, kwa pupa, tundu kubwa ambalo ng'ombe angepita. Mkia ukatoka. Hakuondoka mara moja. Alilala ubavu kati yetu kwa muda, akivuta pumzi, jicho moja juu. Kisha akajipinda, maji yakanipiga usoni, akawa hayupo. Tulimsikia mara moja tena kwa mbali, upande wa Msimbati.

Mjomba alilishona lile tundu kwa siku mbili. Uzi mweusi ulikuwa umekwisha, akatumia wa buluu.

Baada ya hapo, kwa misimu iliyofuata, hatukupata pomboo aliyekufa. Siwezi kusema ni kamba ndefu, au ni kukaa na wavu, au ni kusogea nje. Pengine yote matatu. Ninachoweza kusema ni kwamba papa nao walikuwa wakipungua kila mwaka, wadogo zaidi na zaidi, na petroli inapanda. Mwaka tuliokaa vikao vya familia juu ya jarife, hesabu haikuwa tena ya pomboo peke yake. Mshipi kwa nguru na kolekole, madema kwenye mwamba kwa changu: mapato kidogo kidogo, lakini kila wiki, na usiku unalala kwako. Mikopo miwili, mmoja kwa dada yangu wa Feri, ndiyo iliyotuvusha miezi ya mwanzo. Mmoja bado nalipa. Ningekuwa muongo nikisema mambo ni mepesi. Siku za kusi, bahari ikichafuka, kuna wiki tunaishi kwa muhogo na kisamvu.

Likabaki swali la jarife lenyewe. Wanunuzi walikuja. Mtu mmoja wa upande wa Lindi alitaja bei iliyonifanya nisilale. Lakini kuuza jarife ni kulihamisha tu. Litategwa kwingine, na yule wa nundu wa huko naye ana miaka mitatu ya kusubiri mtoto. Nilitegemea Mjomba aseme tuuze, maana lilikuwa lake. Alikaa nalo stoo miezi mingi. Halafu Ijumaa moja baada ya swala nikamkuta amelitandaza uwanjani, anapima kwa hatua zake, vijana wa timu ya mpira wamemzunguka.

Sasa hivi liko kwenye magoli mawili ya uwanja wa kijiji, na masalia yamezungushiwa mabanda ya kuku ya nyumba tatu. Macho yake ni makubwa, mpira wa watu wazima unakaa, ule mdogo wa watoto wakati mwingine unapenya na kuleta ugomvi. Mjomba huja jioni na kiti chake, hukaa nyuma ya goli la upande wa bahari. Wiki iliyopita nilikuwa naye pale. Golikipa, mtoto wa darasa la nne, aligeuka kuokota mpira akaona ile sehemu ya uzi wa buluu, akaishika.

"Babu, hapa palichanika?"

"Hapo alipita pomboo," alisema Mjomba.

Mtoto akaangalia lile tundu lililozibwa, akaangalia bahari, akapima kwa mikono yake miwili. Kisha wenzake wakampigia kelele, akarudi golini.